Kutembea Ureno na Hispania na Nahodha wa Tanga

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi karibu maisha yake yote ya kazi. Alibeba boriti kutoka Rufiji kwenda Unguja na Tanga, akabeba chumvi, nazi na makuti, na bandari nyingi kati ya Lamu na Mtwara ameshatia nanga. Sasa amezeeka na magoti yanamsumbua, lakini macho yake bado ni ya baharini. Alipokuja kunitembelea Lisbon, ninakofanya kazi, nilichukua likizo nikamzungusha. Mingi ya miji tuliyopita nilikuwa nimeshaiona. Kuiona pamoja naye kulinifundisha mambo ambayo waongozaji wa watalii hawayasemi, na hayo ndiyo ninayotaka kumwachia mtu yeyote wa pwani yetu atakayepata nafasi ya kufika huku.

Kwanza, mpangilio wa safari. Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili. Watu wengi huanza Lisbon kwa sababu ndege ndiko zinakoshuka. Mimi nashauri uanzie Andalusia, kusini mwa Hispania, kisha urudi Lisbon, na visiwa viwe mwisho. Ukianza na Andalusia unajifunza kusoma kuta, milango na nyua kabla hujafika kwenye makumbusho ya Ureno, na hapo ndipo vitu vinaanza kuunganika. Kati ya Lisbon na Sevilla hakuna treni ya moja kwa moja, hivyo tulipanda basi. Mjomba hakulalamika. Aliketi dirishani akihesabu aina za miti, na alipoona mizeituni imetanda vilima kwa vilima alinyamaza muda mrefu.

Sevilla nitaisema kwa ufupi. Ni mji mzuri lakini kiangazi joto lake ni kali mno kwa mzee, basi tulikuwa tukitoka alfajiri na jioni tu. Jambo moja liwafae wenye wazazi wenye magoti mabovu: Giralda, ule mnara wa kanisa kuu ambao ulijengwa kuwa mnara wa msikiti mwishoni mwa karne ya 12, ndani yake hauna ngazi ila kule juu kabisa. Kuna miteremko 35 inayozunguka kwenda juu, mipana kiasi cha mnyama kupita na mtu mgongoni. Mjomba alipanda polepole, akipumzika kwenye kila dirisha, akafika. Kule juu aliuangalia mto Guadalquivir, akauliza kina chake na umbali wake kutoka baharini, maana hakuamini kwamba merikebu za kwenda Amerika zilikuwa zikifungwa gati mbali namna ile kutoka kwenye mawimbi.

Córdoba ilihitaji maandalizi ya moyo. Msikiti Mkuu ulianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, ukaongezwa na watawala waliofuata mpaka ukawa na nguzo zaidi ya 850, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya zamani zaidi. Mji ulipochukuliwa na Wakristo mwaka 1236 ukawa kanisa, na tangu mwaka 1523 kanisa zima likaanza kujengwa katikati yake. Leo ni kanisa kuu la jimbo, na Mwislamu haruhusiwi kusali humo. Nilimweleza mjomba haya tukiwa bado hotelini, kwa sababu sikutaka mlinzi amguse bega mbele ya watu akiwa amekwisha kunyanyua mikono. Ninawasihi wenye wazee wafanye hivyo. Alinisikiliza, akasema, "Haya, mwanangu. Nitasoma moyoni."

Alisimama mbele ya mihrabu, nyuma ya chuma kinachozuia watu, kwa muda ambao makundi kadhaa yalikuja na kuondoka. Michoro ya dhahabu na vioo iliyopo pale ni kazi ya karne ya 10, na mafundi wake walihusiana na Konstantinopoli. Kisha alitoka uani kwenye michungwa, akaangalia jua, akaangalia kivuli chake, akarudi ndani. "Kibla hii imeelekea kusini mno," akaniambia. "Maka kutoka hapa ni mashariki, kwa kusini kidogo tu." Na ni kweli. Mihrabu ya Córdoba haielekei Maka sawasawa, na wanahistoria wameijadili sababu yake kwa miaka mingi. Yeye alilijua kwa jua na kwa ramani aliyonayo kichwani. Niliona fahari ambayo siwezi kuificha.

Granada ndipo tulipokaa zaidi, na ndipo ninapomtaka msomaji akae pia. Tiketi ya Alhambra, ile ngome yenye majumba ya wafalme wa Kiislamu wa zamani, inunuliwe mapema sana, wiki nyingi kabla kama ni kiangazi, kwa maana majumba ya kifalme ya Wanasri, ukoo wa wafalme hao, huingiwa kwa saa maalumu iliyoandikwa kwenye tiketi. Pasipoti uwe nayo mkononi, maana inakaguliwa. Ukichelewa saa yako huingii.

Mjomba alisoma chuoni Tanga utotoni, na Kiarabu cha kusoma anacho. Basi mle ndani ikawa kuta zinasema naye. Maneno ya Wanasri, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, yamechongwa katika chokaa mara nyingi hata jicho linachoka, na yeye alikuwa akiyafuata kwa kidole hewani, bila kugusa. Katika Ua wa Simba, pale ambapo simba 12 wa marmari wamebeba beseni, alianza kusoma kwa sauti ndogo beti za mshairi Ibn Zamrak zilizozunguka beseni hilo. Mashairi hayo ni magumu na maneno mengine yalimshinda, lakini watu waliokuwa karibu walisimama kusikiliza. Msichana mmoja wa Kihispania alimwuliza kwa ishara panasemaje, nami nikawa mkalimani. Kwa nusu saa ile mgeni kutoka Tanga ndiye aliyekuwa akiwafungulia watu nyumba.

Kilichomgusa zaidi kilikuwa kidogo kuliko simba. Kwenye upinde wa kuingilia kumbi za Comares, pande zote mbili, kuna vidaka vilivyotiwa nakshi, ambavyo viliwekwa kwa ajili ya mitungi ya maji. Mjomba aliviona kabla yangu. "Haya ni mambo ya Lamu," alisema. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zina zidaka za chokaa iliyochongwa zinazojaa ukuta mzima wa ndani, na nje ukuta ni mtupu, haujisifu kwa mpita njia. Ukitembea mtaa wa Albaicín, ng'ambo ya bonde, utakuta tabia hiyohiyo: ukuta mweupe mrefu, mlango mmoja, bustani iko ndani. Sidai kwamba Lamu ilijifunza kwa Granada wala Granada kwa Lamu. Nasema mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe ya pwani ataijua njia humo bila kuelekezwa.

Na kuna mtu mmoja aliyeziona pande zote mbili. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, akamsifu na sultani wake al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu. Karibu miaka 20 baadaye alifika Granada. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa na hawakuonana, lakini mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Huo Ua wa Simba ulikuwa haujajengwa. Hapo Granada alikutana na Ibn Juzayy, kijana ambaye baadaye aliandika habari za safari zake zote, Kilwa ikiwemo. Kwa hiyo maelezo tunayoyategemea sana kuhusu Kilwa ya karne ya 14 yaliandikwa kwa kalamu ya mtu wa Granada. Nilimweleza mjomba haya tukiwa tumekaa kwenye bustani ya msikiti mpya wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003 pembeni ya kiwanja cha San Nicolás. Hapo alisali Adhuhuri kwa jamaa, Alhambra ikionekana mbele yake yote nzima. Nenda ukasali hapo. Mlango uko wazi na watu wake ni wakarimu.

Tulirudi Lisbon. Mji huu uliangushwa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, kwa hiyo mitaa mingi ya katikati imenyooka, ni ya baada ya hapo. Alfama, chini ya ngome, ndiyo iliyobaki na vichochoro vya zamani. Lakini mtaa wa Belém uliponea, na huko ndiko watalii wote wanakokwenda.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwaka 1501 au karibu na hapo, kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, na fedha zake zilitokana na asilimia 5 ya biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Mawe yake yamechongwa kamba za merikebu, mafundo, matumbawe. Mjomba aliyatambua mafundo. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa, mkono wa kushoto unapoingia. Mwongozaji wa kundi lililokuwa mbele yetu alizungumza kuhusu ushujaa, pilipili manga na njia ya India. Mombasa, Malindi na Kilwa hazikutajwa hata mara moja. Nje, ukingoni mwa mto, kuna mnara mkubwa wa mwaka 1960 wenye sanamu 33 za mabaharia, wafalme, mapadri na wachora ramani. Rubani aliyetolewa na Sultani wa Malindi mwaka 1498 hayumo, na bila yeye Vasco da Gama asingevuka kwenda Calicut kwa siku zipatazo 23.

Makumbusho ya Bahari yako ubavuni mwa monasteri hiyohiyo, na ninayapendekeza kuliko mnara wa Belém wenye foleni. Mjomba alizunguka mifano ya merikebu kama daktari anayezunguka wodi. Aliangalia foromali, akaangalia namna tanga la pembe tatu lilivyofungwa, akaniuliza tarehe. Nikamsomea: kutoka Malindi waliondoka tarehe 24 Aprili 1498. Akatikisa kichwa kukubali, maana kusi ilikuwa imeanza. Na kurudi? Nikamwambia waliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, wakaiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Hapo alikaa chini kwenye benchi. "Oktoba ni maleleji. Hakuna upepo wa kukutoa India. Nahodha gani alimruhusu?" Hakuna aliyemruhusu, aliondoka kwa ugomvi na wakubwa wa Calicut, bila kungoja kaskazi. Walikaa baharini karibu miezi mitatu, wakafa watu wapatao 30 kwa kiseyeye, na waliobaki wengi walikuwa hawawezi kusimama.

Mabaharia wazima hawakutosha tena kuendesha merikebu tatu. Basi baada ya kupita Malindi waliichoma moja, São Rafael, kwenye mafungu ya Mtangata. Hapo ni Tongoni, kusini kidogo mwa Tanga mjini. Nahodha wake alikuwa Paulo da Gama, kaka yake Vasco. Mafungu hayo mjomba ameyapita maisha yake yote, anajua maji yanapokupwa mawe yanatokea wapi, lakini kisa hiki hakuwahi kuambiwa, wala shuleni kwetu hatukufundishwa. Tulifundishwa kwamba Wareno walifika, walijenga Fort Jesus, wakafukuzwa. Ndani ya makumbusho hayo kuna sanamu ya mti ya malaika Rafael, iliyokuwa katika merikebu hiyo na kuokolewa kabla ya moto. Ni ndogo, imewekwa kwa heshima. Mjomba aliitazama akasema, "Na huyu katoka kwetu."

Kesho yake nilimpeleka mahali ambapo kila mtu wa Afrika Mashariki anayefika Lisbon ningependa apelekwe, hata kama ana asubuhi moja tu mjini. Ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, juu ya bandari. Watalii ni wachache. Ndani yake kuna chombo cha ibada cha Kikatoliki cha kuwekea hostia, yaani mkate mtakatifu, kinachoitwa Custódia de Belém. Ni dhahabu tupu na rangi za enameli, mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka, njiwa mweupe ananing'inia juu yao. Kazi yake inahesabiwa miongoni mwa kazi bora kabisa za uhunzi wa dhahabu za Ureno, na fundi wake ni Gil Vicente. Inama usome maandishi yaliyozunguka kitako chake. Yanasema kwamba mfalme Dom Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi za Kilwa, kikamalizika mwaka 1506.

Nilimsomea mara mbili. "Kilwa hii yetu?" Kilwa hiyohiyo. Julai 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kwamba atauchoma mji moto asipolipa kodi. Dhahabu hiyo ilikuwa imetoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikapita bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, kwa wafanyabiashara wa Kilwa, ndiyo iliyojenga utajiri wa mji. Mwaka 1503 ilifika Lisbon. Mwaka 1505, wakati wahunzi wakiwa bado wanagonga nyundo, jemadari wa Ureno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, watu wake wakaipora, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Haya yote hayasomeki kwenye kile kibao kifupi cha maelezo. Maandishi ya mfalme mwenyewe kwenye kitako yanasema wazi kuliko kibao.

Mjomba alikwenda Kilwa Kisiwani mara nyingi kusubiri upepo. Amelala kwenye kivuli cha Msikiti Mkuu wake. Aliniambia kuta zile, kwa jinsi anavyozikumbuka, majani yameota juu na mbuzi wanapita, na hakuna mtoto wa pale aliyewahi kumwambia kwamba dhahabu ya mji wake inang'aa nyuma ya kioo Ulaya. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga kazi. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na bado ninayo. Chombo hicho ni kizuri, nami nakubali uzuri wake, lakini mtoto wa Kilwa ana haki ya kukijua kabla ya mtalii wa Paris.

Visiwani tulichagua Terceira, katika Azores. Madeira nilishafika, na ni ya kupendeza kwa wapanda milima kwa zile njia zifuatazo mifereji ya maji, ingawa huko nako usisahau kuuliza nani alichimba na nani alikata miwa ya mwanzo, maana watumwa kutoka Canary na Afrika walikuwa humo. Terceira tulikwenda kwa sababu moja. Mwaka 1499 Paulo da Gama alikuwa mahututi. Vasco aliiacha merikebu yake iende Lisbon, yeye akakodi chombo cha mbio kumwahisha kaka yake nyumbani, wakaishia Terceira, na Paulo akafia hapo. Alizikwa katika konventi ya São Francisco mjini Angra, ambayo leo ni makumbusho ya mji.

Lakini kwa nini Azores, katikati ya Atlantiki, mtu akitoka Afrika? Swali hili nilikuwa nalo siku nyingi, na aliyenijibu ni mjomba, akiwa amesimama juu ya Monte Brasil, mlima wa volkano iliyozimika unaoikinga bandari. Nilimwambia pepo za pwani ya Afrika Magharibi huvuma kutoka kaskazini mashariki. "Basi huwezi kupanda nazo uso kwa uso. Unazikata ubavu, unatoka nje baharini mbali, mpaka uupate upepo wa magharibi ukurudishe." Ndivyo hasa walivyofanya mabaharia wa Ureno kwa karne nyingi, na ndiyo maana merikebu zilizotoka India zikiwa na shehena zilipita Angra kutengenezwa na kupata maji. Katika ghuba yake kuna mahali wazamiaji hushuka kuona nanga nyingi za zamani zilizoachwa chini, kwa kuwa dhoruba ikigeuka nahodha alilazimika kukata kamba na kukimbia. Mjomba mwenyewe ameshakata nanga, nje ya Pemba. Aliniomba nimwulize mzamiaji mmoja nanga hizo ni za mikono mingapi, naye akachorewa kwenye karatasi.

Ngome iliyo kwenye mlima huo ilijengwa kuanzia miaka ya 1590, chini ya mfalme Filipe wa Hispania ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Ni mfalme huyohuyo ambaye Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa katika enzi yake, mwaka 1593 hadi 1596. Ukizijua kona za Fort Jesus, hapo utajikuta unazitambua. Angra yenyewe ilibomolewa vibaya na tetemeko la tarehe 1 Januari 1980, ikajengwa upya kwa sura yake ya zamani, na mwaka 1983 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Kila kijiji kina kikanisa kidogo cha rangi kali cha Roho Mtakatifu, na wakati wa sikukuu zake watu wote hulishwa supu na mkate, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Mjomba alikula mkate wao mtamu, akasema hii ni sadaka kama ya maulidi.

Makumbushoni, pale alipozikwa Paulo, hatukukaa sana. Mjomba aliuliza tu kama wanajua São Rafael ilichomwa wapi. Mhudumu alijua ni "pwani ya Afrika". Mjomba akamwomba kalamu, akachora mkono wa pwani kutoka Pangani hadi Tanga, akatia alama Tongoni, akaandika jina. Mhudumu aliichukua ile karatasi, akasema ataipeleka kwa wakubwa wake.

Sasa amerudi nyumbani, na mipango ni hii. Likizo ijayo nitakwenda Tanga, tuwachukue watoto wa ukoo. Kwanza tutakwenda Tongoni, kwenye msikiti wa kale na makaburi yake ya nguzo, kisha kwa mashua hadi mafunguni wakati wa bamvua, maji yakikupwa. Baadaye ni Kilwa Masoko, tuvuke kwenda Kisiwani, nami nitabeba picha kubwa ya Custódia niionyeshe shuleni huko kama walimu wataniruhusu. Mjomba ameshachagua mwezi, ni Februari, kaskazi ikiwa imetulia. Watoto wasiojua kuogelea ameagiza waanze kufundishwa sasa.